Pointi za Mzee Shomvi

Nchi hii haipakani na yako, msomaji, na watu wake hawana udugu na majirani zako. Jina lake limebadilishwa mara tatu katika miaka kumi, na hili la sasa bado liko kiwandani linachapishwa kwenye bendera. Ukisoma ukadhani unamtambua mtu, tazama pembeni kidogo, kama wanavyofanya wenyewe huko.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na Ofisi ya Usajili wa Vizazi na Vifo. Ukiingia, mkono wa kulia palikuwa na Dawati la Vizazi, la Kasiano, kijana mcheshi mwenye sauti ya kutangaza mpira. Mkono wa kushoto palikuwa na Dawati la Vifo, lenye viti viwili. Kimoja kilikuwa cha Mzee Shomvi, aliyekikalia miaka thelathini na mmoja. Cha pili kilikuwa cha Sikudhani, binti aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia, mwenye haya kiasi kwamba akipiga chafya aliyaomba radhi majalada.

Chuoni Sikudhani alifundishwa kujaza fomu. Mzee Shomvi alimfundisha kumpokea mtu. Alimwambia kwamba mfiwa akishataja jina la marehemu wake, usikimbilie kuandika. Shika kalamu, nyamaza kidogo, mwache alisikie lile jina likiwa hewani. Baada ya hapo kulikuwa na muda mwingi wa kuandika. Sikudhani alijaribu, akaona kweli watu wanaondoka mabega yakiwa yameshuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Basi siku moja Serikali ikagundua kwamba kazi haina utamu.

* * *

Wataalamu watatu waliletwa kutoka mbali, wakiwa na mabegi ya magurudumu. Walikaa hotelini wiki sita wakichunguza, wakatoa ripoti ya kurasa mia mbili. Ripoti ilisema kwamba mtu hufurahi anapocheza na huchoka anapofanya kazi. Kwa hiyo, kazi ikigeuzwa mchezo, hakuna atakayechoka tena. Waziri wa Tija na Furaha ya Watumishi aliisoma, au alisomewa, akatangaza Ligi Kuu ya Tija.

Kuanzia Jumatatu iliyofuata hapakuwa tena na watumishi, palikuwa na wachezaji. Hapakuwa na wateja, palikuwa na mashabiki. Bwana Mkomagu, aliyekuwa Mkurugenzi wa ofisi ile, akawa Kocha Mkuu, akaanza kuvaa filimbi juu ya tai. Mishahara ilibaki vilevile, ili isiharibu ladha ya mchezo. Kila mchezaji alipewa kadi ya kuchomeka kwenye mashine ya dawati lake, simu ya ofisi isiyo na kitufe cha kuzima, na pointi mia tano za kuanzia. Ukutani ilitundikwa skrini kubwa iitwayo Ubao wa Mabingwa, ambamo jina lako lilipanda na kushuka mbele ya macho ya kila mtu, hata ya waliokuja kuulizia choo kiko wapi.

Watu walipokea vizuri. Walisaini karatasi ya kuupokea mchezo kwa hiari, na aliyechelewa kusaini kwa hiari alikatwa pointi.

Mbele ya kila dawati kulifungwa kifaa chenye nyuso tatu: uso unaocheka, uso ulionyooka, na uso unaolia. Shabiki akishahudumiwa alibonyeza uso mmoja. Kwa Kasiano mambo yalikwenda vizuri, maana anayeandikisha mtoto hucheka hata akikanyagwa. Kwenye Dawati la Vifo kila mtu alibonyeza uso unaolia. Hawakuwa wakilalamika. Waliangalia zile nyuso tatu, wakachagua iliyofanana na yao.

Mzee Shomvi akawa wa mwisho katika nchi nzima. Kocha Mkuu akamwita, akamuuliza kwa nini anawaliza mashabiki. Mzee Shomvi akajibu kwa adabu kwamba aliwakuta wanalia. Wataalamu wakarudishwa hotelini wiki tatu zaidi, wakatafakari, wakapata ufumbuzi. Fundi akaja akang'oa uso unaolia. Pakabaki tundu. Tangu siku hiyo wafiwa wakishahudumiwa walisimama mbele ya kile kifaa, wakaingiza kidole kwenye tundu, wakakiacha humo kidogo, wakaenda zao.

* * *

Mzee Shomvi alifariki Ijumaa alfajiri nyumbani kwake, akiwa anafunga vifungo vya shati. Alasiri akazikwa. Ofisi nzima ilikwenda makaburini, na Kocha Mkuu akatoa hotuba ambayo wengi waliisifia urefu wake.

Marehemu alikuwa msahaulifu. Alhamisi, alipokuwa akitoka, aliacha koti lake kwenye mgongo wa kiti na kadi yake kwenye mashine, kama alivyofanya mara nyingi. Jumatatu Sikudhani aliingia, macho yamevimba, akatazama ubao. Palikuwa pameandikwa: Shomvi. Yupo kazini. Hakuchelewa. Pointi kumi.

Sheria ya nchi ile ilisema kwamba kifo cha mtumishi husajiliwa na dawati lake mwenyewe, ili kila idara ibebe wafu wake. Sikudhani akavuta fomu kwenye kompyuta, akaandika jina la mwalimu wake herufi moja moja. Mashine ikamjibu: Mchezaji huyu yuko kazini. Tafadhali usimsumbue.

Akajaribu tena. Mashine ikamkata pointi mbili kwa kusumbua. Akanyoosha mkono kuichomoa ile kadi, na hapo akaona onyo lililobandikwa ukutani tangu mwanzo wa ligi, kwamba kuchomoa kadi ya mchezaji mwenzako ni hujuma dhidi ya taifa. Akaurudisha mkono mapajani. Alikuwa msichana wa kutii mabango. Akajiambia kwamba wakubwa watagundua wenyewe, kwa kuwa wote walikwenda makaburini.

Wakubwa hawakugundua. Siku ya Jumanne Mzee Shomvi alipata pointi kumi za kuwahi, tano za kutokunywa chai, tano za kutotumia karatasi, na tano za kutokuwa na maongezi yasiyo ya kazi. Jumatano vilevile. Hakuomba ruhusa kwenda kliniki. Hakuna shabiki aliyebonyeza uso mbaya mbele yake. Mwisho wa mwezi alikuwa wa kumi na mbili. Mwezi wa tatu alikuwa wa pili, nyuma ya bwana mmoja wa Idara ya Maji ambaye, kama ilivyokuja kujulikana, alikuwa amepooza.

Sikudhani alikaa kando ya lile koti siku zote hizo akiwapokea watu peke yake. Wakati mwingine, akikwama na neno, aligeuka kuliuliza koti. Kisha akajikumbuka, akaangalia kama kuna aliyemwona. Mikono ya koti ilikuwa imeanza kushika umbo la mtu anayengoja.

* * *

Wa kwanza kuelewa alikuwa Kasiano. Alikaa siku moja anatazama ubao, akapiga hesabu midomoni, akamwambia Sikudhani kwa sauti ya chini kwamba yule mzee amewapiga chenga wote. Kila shabiki unayemhudumia ni hatari, alisema. Anaweza akakasirika, anaweza akataka karatasi, anaweza akakusemesha. Yule mzee hahudumii mtu, na ndiyo maana anapaa.

Kesho yake Kasiano alikuja kazini, akachomeka kadi, akaweka viganja juu ya dawati, akatulia. Akina mama wenye vichanga walimsogelea, wakamwita kaka, wakamwita baba, wakamwita mheshimiwa. Hakujibu. Alikuwa anatazama mbele, macho wazi, akipumua kwa pua. Jioni alikuwa amepata pointi ishirini na tano, nyingi kuliko alizowahi kupata kwa siku moja tangu ligi ianze.

Wiki haikuisha kabla masjala nayo haijatulia, kisha uhasibu, kisha ghorofa ya juu yote. Kocha Mkuu akatoa waraka wa kuwapongeza wachezaji kwa kuiga mfano wa mkongwe wao. Feni zilizimwa kwa sababu zilitikisa shati na mashine zilihesabu mtikisiko. Watu waliokuja na shida zao walikaa kwenye mabenchi wakingoja, na kwa kuwa hapakuwa na sauti nyingine, ilisikika vichanga vikinyonya. Watoto wakawa wanazaliwa bila kuandikwa. Sikudhani peke yake ndiye aliyeendelea kuuliza majina na kunyamaza na kuandika, na pointi zake zikashuka taratibu kutoka mia tano hadi mia tatu tisini na sita.

Si kwamba alikuwa shujaa. Alijaribu kutulia kama wenzake, asubuhi moja. Mwanamke mmoja akaja mbele yake, akasema, "Ni mdogo wangu," kisha akashindwa kuendelea. Sikudhani akahesabu pumzi tatu. Ya nne ikamshinda, akavuta kiti.

* * *

Robo ya mwaka ilipoisha Waziri alikuja mwenyewe kukabidhi tuzo. Aliingia, akasimama katikati ya ukumbi, akasikiliza. Machozi yakamlengalenga.

"Nimetembelea ofisi nyingi za nchi hii," alisema, "na kila mahali nakuta makelele, watu wanapishana, simu zinaita, mtu anauliza hiki, mwingine anajibu kile. Humu sijasikia hata kikohozi. Ndugu zangu, hii ndiyo tija. Tija ya kweli haina sauti."

Akaelekezwa kwenye kiti cha bingwa. Wakubwa wa itifaki walikuwa wamelivisha koti mkanda wa hariri ulioandikwa Mchezaji Bora wa Taifa. Waziri alisita kidogo, nukta moja hivi. Sikudhani, aliyekuwa karibu kuliko wote, alimwona akimtazama Kocha Mkuu, na Kocha Mkuu akimtazama mpiga picha, na mpiga picha akitazama kamera yake. Kisha Waziri akainama, akashika mkono wa koti, akautikisa kwa nguvu.

"Mkono wa mtu wa kazi huu," akasema. "Si wa maneno mengi."

Akamwongezea mkataba wa miaka mitano papo hapo. Watu wote wakapiga makofi mara moja tu, kwa pamoja, wakarudisha viganja juu ya madawati.

* * *

Siku mbili baadaye, asubuhi, Bi Chausiku alikuja ofisini. Alikuwa mjane wa Mzee Shomvi, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, na mkononi alishika mkoba mweusi aliouweka mbali na mwili wake, kama aliyebeba kitu kinachong'ata.

"Shikamoo, Bi Chausiku," Sikudhani akasema.

"Marahaba, mwanangu." Akalitazama koti na mkanda wake. "Hilo koti nimelitafuta nyumba nzima."

Akaketi. Akaeleza mambo yake pole pole, na Sikudhani akasikiliza bila kushika kalamu. Kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ile simu ya ofisi ilipaza sauti ya msichana mchangamfu: Hongera, Shomvi, umeanza siku vizuri, endelea hivyo hivyo, bingwa wetu. Mwanzoni aliifungia sandukuni ndani ya mablanketi, na ikampongeza kutoka ndani ya mablanketi. Kisha chaji ikaisha, akamshukuru Mungu. Kabla ya adhuhuri mabwana wawili wakafika na gari la Serikali kuuliza kwa nini mchezaji amezimika. Aliwaambia amezimika kweli, akawaelekeza makaburini. Wakamwandikia onyo.

"Tangu siku hiyo nikiamka naichomeka kwenye umeme kabla sijanywa chai," alisema. "Namlisha, mwanangu. Namlisha kila siku, naye kila siku anaamka."

Mkobani simu ikatoa mlio mdogo wa furaha. Mzee Shomvi alikuwa amepata pointi tano za kutokunywa chai.

Bi Chausiku akaubana mkoba kwa kiwiko. "Juzi nimemaliza eda. Miezi minne na siku kumi sikujipaka wanja, sikutoka, sikucheka. Siku hiyohiyo naambiwa na hii simu kwamba mume wangu kaongezewa miaka mitano. Sasa niambie wewe msomi. Hiyo eda nilikaa ya nani?"

Sikudhani akageuka kulitazama koti.

"Sitaki zawadi yao. Nataka karatasi moja inayosema amekufa. Niisome, niikunje, nimwache alale."

* * *

Ilimchukua Sikudhani nusu saa kupanda ngazi kumi na nne za kwenda kwa Kocha Mkuu. Mlangoni aligonga, kisha akatamani asingegonga.

Bwana Mkomagu alimsikiliza akiwa ametulia kabisa, maana naye alikuwa na jina ubaoni. Alipomaliza, kocha akatikisa kichwa kwa uchungu. "Binti, unataka kumuua mchezaji wetu bora katikati ya msimu?"

"Amekwisha kufa, Kocha. Tulimzika. Wewe ulitoa hotuba."

"Nilitoa hotuba kama mtu binafsi."

Akafungua kitabu cha kanuni, akamsomea Kanuni ya Kumi na Nne. Mchezaji mwenye pointi ni hai. Mchezaji asiye na pointi hata moja ni marehemu, na mashine yenyewe itamtolea cheti. Hapakuwa na njia ya tatu. Na Mzee Shomvi alikuwa na pointi elfu nne.

Sikudhani akauliza, kwa sauti iliyomtoka nyembamba, pointi hushukaje. Kwa lawama, kocha akamjibu, akitabasamu. Shabiki yeyote ana haki ya kulaumu, mara moja tu kwa kila mchezaji. Lawama moja humkata mlaumiwa pointi mia. Na ili wachezaji wasiwe na tamaa ya kupokea lawama ovyo, anayeipokea naye hukatwa kumi. Ndiyo maana, kocha akasema akifunga kitabu, tangu ligi ianze haijapokelewa lawama hata moja katika nchi nzima. Watu wameridhika.

Sikudhani alishuka zile ngazi akipiga hesabu. Elfu nne kwa mia ni lawama arobaini. Arobaini kwa kumi ni mia nne. Yeye alikuwa na mia tatu tisini na sita. Akasimama kwenye ngazi ya mwisho, akairudia hesabu, kwa kuwa huko shule aliwahi kukosea. Safari hii hakuwa amekosea.

* * *

Bi Chausiku alikataa. Kumsema vibaya mtu aliyekwisha zikwa, alisema, hata kwa bunduki hawezi. Na mtu mwenyewe hakuwa na baya.

Ndipo Sikudhani akageuza kompyuta ili aione orodha ya makosa ambayo mashine inayatambua. Kuchelewesha mashabiki. Kuacha dawati. Kuharibu karatasi. Maongezi yasiyo ya kazi. Kutotabasamu.

Mjane akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akairudia. Uso wake ukabadilika.

"Kumbe," akasema. "Hayo alikuwa nayo yote."

Akajiweka sawa kitini. "Andika. Mwaka aliokufa mama yangu nilikuja hapa kama watu wengine. Nilipanga foleni. Nilipofika mbele akaweka kalamu chini, akanishika mkono mbele za watu, hakuandika kitu mpaka nilipoacha kutetemeka. Nyuma yangu watu kumi na tano walingoja. Alitucheleweshea asubuhi yote."

Sikudhani akaandika, kuchelewesha mashabiki, akabonyeza. Mashine ikatoa sauti kama kijiko kinachoanguka sakafuni. Ubaoni, mbele ya ukumbi mzima, Mzee Shomvi akashuka hadi elfu tatu mia tisa.

Kwenye mabenchi watu wakainua vichwa. Katika mji ule hapakuwa na nyumba ambayo haikuwahi kupita mbele ya dawati lile. Bi Chausiku akasimama, akawageukia, akawaambia wazi anachotaka na kwa nini. Kisha fundi mwashi mmoja, mikono bado ina chokaa, akaja akasimama mbele ya Sikudhani, akasema naye anayo lawama. Mtoto wake aliishi siku tatu. Mzee Shomvi aliacha dawati, akatoka naye mpaka barabarani, wakatembea hadi soko likaisha, na kiti chake kikakaa kitupu.

"Kuacha dawati," Sikudhani akasema.

"Ndiyo. Aliliacha kabisa."

Kijiko kikaanguka. Akaja bibi mmoja asiyejua kusoma, akasema alitaka kuandika jina la mumewe kwa mkono wake mwenyewe, na yule mzee akamfundisha, wakaharibu fomu tatu. Akaja mwanamke mwenye kichanga mgongoni. Alisema mwaka juzi alileta habari za mapacha wake, wote wawili, na yule mzee hakutabasamu. "Hata kidogo," akasema. "Hakutabasamu hata kidogo." Akasimama pale mpaka aliposikia kijiko.

Foleni ikafika mlangoni. Mmoja aliulizwa marehemu alipenda kula nini. Mwingine aliimbiwa. Mzee mmoja wa maneno makali alisema yeye analo kosa la kweli, si haya ya kubembelezana. Mzee Shomvi alikosea jina la baba yake, na alipogundua alikuja mpaka nyumbani siku ya Jumapili kulirekebisha, akakuta sahani zimewekwa, akala wali wote wa kuku. Watu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika humo tangu mvua zilizopita, na pale ghorofani wachezaji kadhaa walipoteza pointi kwa kushtuka.

Kila kijiko kilipoanguka, jina la Sikudhani nalo lilishuka hatua moja. Hakuwa anatazama ubao. Alikuwa anaogopa, na alimwuliza kila mtu swali lilelile kwa upole uleule, kisha akanyamaza kidogo kabla ya kuandika. Bi Chausiku, aliyekuwa anajua kusoma ubao kama mtu mwingine yeyote, akaona kinachotokea. Akamshika bega.

"Mwanangu, wewe unakwisha."

"Nimeona, Bi. Tuendelee."

Lawama ya thelathini na tisa ilipopokelewa, foleni ikaisha. Ukumbi mzima ulikuwa umekwisha sema. Mzee Shomvi alibaki na pointi mia moja, na Sikudhani na sita. Bi Chausiku akaomba alaumu mara ya pili, mashine ikakataa. Wakakaa wanatazamana, na lile koti katikati yao.

Ng'ambo ya pili kiti kikalia. Kasiano alikuwa amesimama. Kwa wiki kumi na moja hakuwa ametikisika saa za kazi, na magoti yake yalilia kama mlango. Alivuka ukumbi akishikilia mabenchi, na nyuma yake pointi zake zilikuwa zinamwagika ubaoni, hakuzigeukia.

"Na mimi nilimwandikisha baba yangu hapa alipokufa," alisema. Sauti ya kutangaza mpira ilikuwa imeota kutu. "Nina haki. Yule mzee kila asubuhi alikuwa ananisalimia saa za kazi. Na akinisalimia haondoki mpaka nijibu. Nikijibu vibaya anarudi baadaye kuniuliza nina nini." Akafuta pua kwa kiganja. "Maongezi yasiyo ya kazi, dada Siku. Kila siku ya Mungu."

Sikudhani akaweka kidole juu ya kitufe. Alijua kijiko hiki ni cha mwisho, na ni cha nani. Akamfikiria mama yake nyumbani, akafikiria kwamba hajawahi kupanda hata boti. Mkobani ile simu ilikuwa inaanza kusema, Hongera, Shomvi, umebakiza kidogo tu kufika—

Akabonyeza.

Simu ikakatika katikati ya neno. Bi Chausiku akausogeza mkoba sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza iwapo mtoto amelala.

"Amenyamaza," akasema.

Mashine ikatoa cheti. Jina lilikuwa sahihi na tarehe ilikuwa sahihi. Mjane akaisoma karatasi hiyo mpaka mwisho, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga, na hapo ndipo alipolia, kilio kirefu cha kawaida, kilichokuwa kimesubiri miezi minne na siku kumi. Akalitoa koti kitini, akalivua mkanda wa hariri, akaondoka nalo.

Mashine ikanguruma tena, ikatoa karatasi ya pili. Sikudhani aliisoma akiwa amesimama. Jina lilikuwa lake. Saa ya kufariki: nne na dakika kumi na saba asubuhi. Sababu ya kifo: kuishiwa pointi.

* * *

Kocha Mkuu aliteremka akiwa amevaa miwani ya msiba. Aliwaambia wachezaji kwamba ofisi imepata pigo, kwamba wamempoteza Sikudhani akiwa bado kijana, na kwamba marehemu alikuwa na bidii ila hakujua kutulia. Wakati wote huo alikuwa anamtazama usoni, kwa huzuni ya kweli, kama mtu anavyotazama picha. Akaomba dakika moja ya ukimya. Wachezaji walikuwa wamefanya mazoezi ya ukimya kwa miezi mitatu, na hiyo dakika waliifanya kwa ustadi mkubwa. Sikudhani naye alisimama nao, mikono nyuma, kwa sababu alilelewa vizuri. Filimbi ikapulizwa.

Barua ya rambirambi ilifika kwao kabla yake. Alimkuta mama yake mezani, barua mkononi. Mama alijua ni makosa, binti yake alikuwa anavua viatu mbele yake, lakini alilia hata hivyo, kwa kuwa barua ilikuwa na muhuri. Sikudhani akampikia chai.

Asubuhi akaenda kazini, maana hakujua pa kwenda kwingine saa mbili asubuhi. Kadi yake haikufungua geti. Askari alikuwa na amri ya kutoruhusu asiye na kadi, ila hakuwa na amri yoyote kuhusu marehemu. Akafikiri. Kisha akalifungua geti nusu, akainama kufunga kamba za viatu vyake, akazifunga muda mrefu sana.

Ndani hakuna aliyemsalimia. Kusalimia wafu kulikuwa ni maongezi yasiyo ya kazi. Hata Kasiano, aliyekuwa amebakiwa na pointi tisa, alimtazama tu, macho yakamjaa maji, akageukia mbele. Kiti chake kilikuwepo bado, kwani marehemu hahamishwi wala hafukuzwi. Kompyuta haikumtambua. Sikudhani akafungua kabati, akatoa daftari kubwa la zamani, akapangusa vumbi kwa kiganja, akachonga penseli, akakaa. Mwanga wa dirishani ulimwangukia mikononi, akaitazama mikono yake kwa muda, ilivyokuwa na kivuli kama ya watu wengine.

Saa tatu kasoro akaingia baba mmoja kutoka nje ya mji, viatu vina vumbi, amekumbatia kofia kifuani. Akapita mbele ya dawati la kwanza, hakuna aliyetikisika. Akapita la pili. Alikuwa anaangalia huku na huku kama aliyeelekezwa mahali akapoteza alama. Mwishowe akafika kushoto kabisa, akasimama.

"Samahani, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Pale getini nimeambiwa nimtafute marehemu."

"Ndiye mimi," Sikudhani akajibu. "Karibu ukae."